Kura kwa Kompyuta: Ni Nani Anayehesabiwa?



Wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Methali hiyo inaifaa sana Estonia, nchi ndogo ya Ulaya yenye watu wapatao milioni 1.3, iliyopakana na Urusi. Mwaka 1940 ilimezwa na Umoja wa Kisovieti. Ilirejesha uhuru wake Agosti 20, 1991, na majeshi ya Urusi yakaondoka Agosti 1994.

Leo nchi hiyo inasifiwa kwa jambo moja: raia wake hupiga kura kwa kompyuta akiwa nyumbani, kwa kutumia kitambulisho chenye chipu kilichoanza kutolewa mwaka 2002. Oktoba 2005, katika uchaguzi wa serikali za mitaa, Estonia ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuruhusu kura ya intaneti nchi nzima. Waliojaribu walikuwa 9,000 na ushei. Katika uchaguzi wa bunge wa Machi 2023, zaidi ya nusu ya kura zote zilipigwa kwa njia hiyo. Na mtu akishurutishwa nyumbani, anaweza kupiga tena. Kura ya mwisho ndiyo inayohesabiwa.

Lakini nyoka hakwenda mbali. Aprili 2007 serikali iliihamisha sanamu ya askari wa Kisovieti kutoka katikati ya mji mkuu, Tallinn, na kuipeleka kwenye makaburi ya jeshi. Kwa Waestonia wengi sanamu ile ilikuwa kumbukumbu ya kutawaliwa. Kwa wakazi wa asili ya Kirusi, kumbukumbu ya ushindi dhidi ya Hitler. Ghasia zilizuka, na mtu mmoja akauawa. Kisha kompyuta za serikali, benki na magazeti zikamiminiwa maombi ya uongo yasiyo na idadi, kama duka linalojazwa na umati usionunua kitu, hata mteja wa kweli akakosa njia. Estonia iliilaumu Urusi, Moscow ikakana.

Funzo lilieleweka. Mwaka 2008 NATO ilifungua mjini Tallinn kituo chake cha utaalamu wa ulinzi wa mitandao. Mwaka 2017 Estonia ilitia saini mkataba na Luxembourg ili nakala za kumbukumbu zake muhimu zihifadhiwe huko, zikiwa na kinga kama ya ubalozi. Maana yake ni kwamba, hata ardhi ikitekwa, daftari la raia na la mali zao litasalia. Hayo ni mawazo ya watu waliowahi kupoteza nchi.

Hata hivyo, ndugu msikilizaji, kompyuta haijibu swali lililo gumu kuliko yote: raia ni nani? Mwaka 1992 Estonia iliamua kwamba raia ni yule aliyekuwa raia kabla ya kumezwa mwaka 1940, pamoja na uzao wake. Waliohamia wakati wa utawala wa Kisovieti, pamoja na watoto wao, walitakiwa kuomba uraia na kufaulu mtihani wa lugha. Karibu theluthi moja ya wakazi wakajikuta si raia. Idadi yao imepungua sana tangu hapo, na kwa miaka mingi waliruhusiwa kupiga kura katika chaguzi za mitaa.

Vita vya Ukraine vilibadili hayo. Machi 2025 Bunge lilirekebisha Katiba na kuwaondolea raia wa Urusi na Belarus haki hiyo. Wasio na uraia wa nchi yoyote walipiga kura kwa mara ya mwisho Oktoba 2025. Wanaounga mkono wanauliza: raia wa nchi inayotutishia atuchagulie madiwani? Wanaopinga wanauliza: aliyezaliwa hapa, analipa kodi hapa, asemee wapi?

Maswali yote mawili ni ya haki, na hakuna chipu itakayoyajibu. Mashine huhesabu kura upesi. Kuamua ni nani anayestahili kuhesabiwa ni kazi ya binadamu, na hofu, hata ikiwa na sababu, si mshauri wa kuachiwa peke yake.