Mswada wa Kanisa Ukifika kwa Malodi

Juzi barazani, baada ya magharibi, mwenzangu aliniuliza: kanisa likipeleka mswada bungeni, wabunge wana ruhusa ya kuugeuza? Nikamwambia yategemea ni bunge gani, na jibu lenyewe latuhusu sisi pia.

Kule England, Kanisa la Anglikana ndilo kanisa rasmi la dola. Kwa sheria ya 1919 hujitungia miswada yake, siku hizi katika Sinodi Kuu. Mswada ukipita huko huenda kwa kamati ya bunge yenye wajumbe 30: 15 kutoka Baraza la Malodi, 15 kutoka Baraza la Makabwela. Kamati hutazama kama haki za raia zimeguswa, kisha huandika ripoti. Ikiona kasoro haiwezi kufuta hata neno moja. Huketi na kamati ya sheria ya Sinodi, ambayo nayo yaweza kuuondoa mswada tu, si kuubadilisha.

Ukifika kwa Malodi, swali ni moja: upelekwe kwa mfalme auidhinishe, au la? Hata maaskofu 26 wenye viti humo hawaongezi kitu. Mwaka 1927 Malodi walikubali kitabu kipya cha sala, Makabwela wakakikataa. 1928 wakakikataa tena. Mswada wa maaskofu wanawake ulianguka ndani ya Sinodi yenyewe 2012. Ukaandikwa upya huko huko, na 2014 mabaraza yote mawili yakaupitisha.

Kwetu Kenya, kifungu cha 8 cha Katiba chasema hakuna dini ya taifa. Kanisa au msikiti ukitaka sheria huleta ombi bungeni kwa kifungu cha 119, au humtafuta seneta aubebe mswada. Hapo waweza kurekebishwa: baada ya kusomwa mara ya pili, Seneti hukaa kama kamati ya maseneta wote, ikapitia kifungu kwa kifungu na kupiga kura. Lakini kabla ya hapo kuna kamati inayopokea maoni ya wananchi, kwa kifungu cha 118.

Mlango wetu ni huo. Mimi mwenyewe niliwahi kufika na karatasi yangu mkononi, nikaambiwa maoni yamefungwa. Kwa hivyo ndugu zangu, tangazo likitoka, tuandike siku hiyo hiyo, tutaje kifungu na maneno tunayotaka yawekwe. Mswada ukishapita, kulalamika barazani hakuurudishi.