Siotune wa Kathuke na Ngoma za Ukambani

Mwaka 1911, upande wa Ulu wa Ukambani nchini Kenya, yaani Machakos pamoja na nchi ambayo leo inaitwa Makueni, mwanamke aitwaye Siotune wa Kathuke alianzisha vuguvugu la ngoma ya pepo. Kijana Kiamba alipolishika na kujiundia askari wake, serikali ya kikoloni ilimkamata na kumhamishia mbali, na mambo yakazimika. Vitabu humsifu Kiamba kwa kuigeuza ngoma kuwa siasa, kana kwamba Siotune alikuwa na wazimu tu. Nadhani hukumu hiyo ni potofu. Ngoma ilikuwa siasa tangu mdundo wa kwanza, na ushahidi wake bado unasikika Kitui na Makueni.

Tazama kilumi, ngoma ya pepo ya Wakamba. Akina mama watu wazima hupiga ngoma, mmoja huanzisha wathi, yaani wimbo, wenzake huitikia, hata aimu, roho za wahenga, wampande mmoja wao kichwani na kusema kwa kinywa chake. Hapo mwanamke hutamka mbele ya wazee neno ambalo barazani asingepewa nafasi ya kulisema, kwa kuwa msemaji si yeye. Chifu aliyewekwa na Mwingereza angeweza kumtoza faini mtu, mzimu angemtozaje? Utasema kilumi ni ibada ya mvua na uponyaji, haina habari na serikali. Lakini kwa mfugaji na mkulima wa nchi kavu, mvua, ng'ombe na mamlaka ni jambo moja, na anayeiombea nchi hudai pia haki ya kusema iendeshweje. Wagiriama wa pwani walilijua hilo: mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwakusanya kuwapinga Waingereza kwa kifudu, ngoma ya matanga, na hakuna anayeuita mkusanyiko ule wazimu.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba wimbo husahau majina na miaka. Ni kweli. Ila jalada la ofisi ya serikali nalo husahau: lilihifadhi kukamatwa kwa Kiamba, likaacha waliyoyaimba wanawake. Ngoma imehifadhi ni nani mwenye haki ya kuanza kusema, na hilo ndilo lililopiganiwa. Kaunti za Kitui na Makueni zina idara za utamaduni. Ziwaendee wazee wa kilumi sasa, zirekodi mbathi zao kwa Kikamba, na ziwaulize juu ya Siotune.