Udhihirikaji wa Jeni: Historia ya Wazo na Tatizo la Istilahi Yake

Afikaye Mwaya, katika Wilaya ya Kyela, wakati wa mavuno ya kakao, hukuta vinzi vidogo vimezingira kila mahali penye kakao iliyovundikwa. Vinzi hivyo ni vya jamii ya drosofila. Mmoja wa jamii hiyo, ambaye wataalamu humwita Drosophila melanogaster na ambaye asili yake ni hapa hapa Afrika, ndiye mdudu aliyefundisha ulimwengu mengi kuhusu urithi na ubongo. Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa ufupi historia ya wazo moja lililotokana na elimu hiyo, kisha tutazame ni kwa istilahi gani Kiswahili kinaweza kulibeba bila kumpotosha mwanafunzi.

Tuanze na jina la mdudu mwenyewe. Wengi wamezoea kumwita nzi wa matunda. Lakini bwana shamba akisikia jina hilo humfikiria nzi mwingine kabisa, yule atagaye mayai ndani ya maembe na kuyaharibu yangali mtini. Wadudu hawa wawili si jamii moja. Kwa hiyo katika maandishi ya sayansi tunaona ni salama zaidi kutumia neno drosofila, na jina la nzi wa matunda tuwaachie wakulima, ambao tayari wanalo kwa maana yao.

Neno jeni lilibuniwa mwaka 1909 na Mdenmarki Wilhelm Johannsen. Mwaka uliofuata, Thomas Hunt Morgan wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alimpata drosofila dume mwenye macho meupe badala ya mekundu. Kwa kuwazalisha vinzi hao kizazi baada ya kizazi, Morgan na wanafunzi wake walithibitisha kwamba jeni zimo katika kromosomu. Kwa kazi hiyo Morgan alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1933.

Ushindi huo ulizaa fumbo. Iwapo seli zote za mwili hutokana na yai moja na karibu zote hurithi jeni zile zile, imekuwaje seli ya jicho isifanane na seli ya utumbo? Katika kitabu alichokitoa mwaka 1934, Morgan alidokeza kwamba huenda jeni zote hazitendi kazi wakati mmoja. Jibu lenye ushahidi lilipatikana mwaka 1961, pale Wafaransa François Jacob na Jacques Monod walipoeleza, kwa kuchunguza bakteria, kwamba zipo jeni za kuziamuru jeni nyingine zifanye kazi au zinyamaze. Jeni ikiamriwa, maagizo yake hunakiliwa kutoka DNA kuwa RNA, na kwa RNA hiyo seli hutengeneza protini. Mwendo huo ndio tunaoutafutia jina.

Ubongo wa drosofila unaonyesha uzito wa jambo hili. Mwaka 1971 Ronald Konopka na Seymour Benzer walitangaza kwamba mabadiliko katika jeni moja yanaweza kuvuruga saa ya mwili wa mdudu huyo, asijue wakati wa kuamka wala wa kulala. Watatu walioendeleza uchunguzi huo, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017. Mwaka 2000 jeni zote za drosofila zilikadiriwa kuwa kama 13,600. Mwaka 2024 ilikamilishwa ramani ya ubongo wote wa drosofila jike mmoja, nazo zikahesabiwa seli za neva 139,255, za aina zaidi ya 8,400. Seli hizo zote zina urithi mmoja. Kinachozitenga ni kwamba kila aina imeziamsha jeni zake na kuziacha nyingine zimelala. Tena, jeni iitwayo Dscam1 inaweza, kwa kuungwa vipande vyake kwa namna mbalimbali, kutoa maumbo 38,016 ya protini, na kwa hayo seli ya neva huvitambua vitawi vyake na kuvitenga na vya jirani.

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano mwingine. Kaskazini ya Mwaya, katika Wilaya ya Rungwe, liko Ziwa Masoko, ziwa la kreta lenye upana wa kama mita 700. Humo huishi samaki wa jamii ya perege, Astatotilapia calliptera, ambao wazazi wao walitengana na wenzao wa mtoni yapata miaka 10,000 iliyopita. Ndani ya ziwa hilo wamegawanyika, kwa muda wa kama miaka 1,000, kuwa makundi mawili: la maji ya kina kifupi, ambalo madume yake ni ya manjano, na la kilindini, ambalo madume yake ni ya buluu. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2015, ambao mtaalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania alishiriki, ulionyesha sehemu 98 za urithi ambazo makundi hayo yameanza kuachana. Hata hivyo haikupatikana sehemu ambayo samaki wote wa kundi moja wanayo na wote wa kundi la pili hawana. Uchunguzi wa mwaka 2022 ukaongeza kwamba alama za kikemia zilizobandikwa juu ya DNA hutofautiana sana baina yao, na pamoja nazo hutofautiana kiasi cha kazi ya jeni, zikiwamo jeni zihusuzo damu.

Sasa tuje kwenye istilahi. Afasiriye neno kwa neno kutoka Kiingereza atapata “usemi wa jeni” au “kujieleza kwa jeni”. Mwanafunzi akisoma hivyo atadhani jeni ina kauli. “Utendaji wa jeni” si kosa, lakini neno utendaji tunalihitaji kwa maana ya kazi ifanywayo na jeni baada ya kuamshwa. Sisi tunapendekeza “udhihirikaji wa jeni”. Kitu hudhihirika baada ya kuwapo pasipo kuonekana, na ndivyo ilivyo hali ya jeni. Aidha kitenzi chake hunyumbulika vyema: jeni imedhihirika, haijadhihirika, imezuiwa isidhihirike.

Kadhalika tuandike “seli ya neva”, si “mshipa wa fahamu”, kwa maana mshipa ni mkusanyiko wa nyuzi za seli nyingi. Na samaki wa Masoko tuwaite “makundi” au “maumbo”, tusiwaite “spishi” kabla wataalamu hawajaamua.

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa mwaka 1990, na elimu hii imekua sana tangu hapo. Mwanafunzi akifundishwa kwa istilahi mbovu kwamba kila seli ina jeni zake za pekee, hataelewa jinsi yai moja linavyozaa ubongo, wala kwa nini saratani huanzia katika seli zetu wenyewe. Makosa ya aina hiyo hayasahihishwi na mtihani. Kwa hiyo tunawaomba walimu na wafasiri wayapime mapendekezo haya darasani na mezani, kisha watuletee maoni yao kabla istilahi hizi hazijasanifiwa.