Mimea na melanini

Melanini ni rangi asilia ya ngozi, nywele na macho. Hutengenezwa na seli ziitwazo melanositi, kwa kazi ya kimeng'enya tirosinesi. Baadhi ya kemikali za mimea hukizuia kimeng'enya hicho. Arbutini, iliyomo katika majani ya mpea, hufanana kimuundo na tirosini, malighafi ya melanini, hivyo huikalia nafasi yake kwenye kimeng'enya.

Arbutini ni haidrokwinoni iliyofungamana na sukari. Haidrokwinoni yenyewe imepigwa marufuku katika vipodozi nchini Tanzania, ingawa bado huingia kwenye mkorogo, yaani michanganyiko ya kung'arisha ngozi. Kibaya zaidi ni zebaki. Watafiti waliopima nywele za wavuvi, wachimba dhahabu na wakazi wa Mwanza miaka ya 1990 walishuku sabuni za kung'arisha ngozi kuwa chanzo kimojawapo cha zebaki mwilini.

Ndimu, ambayo wengi hudhani hung'arisha, yaweza kufanya kinyume. Maji yake yana furanokumarini. Mtu akiikamulia sato, kisha akakaa juani bila kunawa, mkono huweza kuwaka, kutoka malengelenge na kubaki na mabaka meusi kwa wiki kadhaa.

Kwa watu wenye ualbino, melanositi zipo ila kasoro ya jeni, mara nyingi OCA2, huzikwamisha. Hakuna mmea uliothibitishwa kuirekebisha. Wanachohitaji ni kofia pana, mikono mirefu na losheni ya kukinga jua, kama Kilisun inayotengenezwa Moshi.