Pawabenki haiwekwi chini ya valizi: vyombo vya umeme kwenye uwanja wa ndege

Mkaaji wa Baraka ao Fizi anayekwenda ng'ambo hapandi ndege mlangoni kwake. Anavuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, ao anashika barabara ya Uvira hadi Bujumbura, kwenye uwanja wa Melchior Ndadaye. Njiani kote mzigo wake unafunguliwa kwa mkono: bandarini, mpakani, kwenye dawane. Mashine ya kupiga picha mzigo, wengi wanaikuta mara ya kwanza kwenye uwanja wa ndege. Hapo njo wanapotezaka vitu.

Kitu kinachopotea sana ni pawabenki. Katika territware ya Fizi nyumba nyingi zinategemea umeme wa jua, na mtu anazoea kutembea na pawabenki, taa ya sola, poste ndogo, wakati mungine na bafle. Akifunga safari anaviweka chini kabisa ya valizi, katikati ya vitenge, visivunjike. Kwa boti hiyo ni akili nzuri. Kwa ndege ni kinyume kabisa.

Sababu ni litiyamu, madini yaliyo ndani ya batri za simu, ordinatere na pawabenki. Batri ya namna hiyo ikipondeka, ikiloana ndani ao nyaya zake zikigusana, inaweza kupata moto wenyewe kwa wenyewe, na moto huo unarudi hata baada ya kuzimwa. Ukitokea juu, kwa abiria, wahudumu wanauona na kumwaga maji. Ukitokea chini, kwenye mizigo, hakuna mtu wa kuuona. Kwa hiyo pawabenki na batri zote za akiba zinaingia kwenye mfuko wa mkononi, hazipewi kaunta na valizi. Tarehe 28 Januari 2025, ndege ya Air Busan iliungua uwanjani huko Busan, Korea ya Kusini, kabla ya kuruka. Watu 176 walitoka wote hai, ndege ikaharibika. Moto ulianzia kwenye kabati ya mizigo juu ya viti, na wachunguzi walisema huenda ulitoka kwenye pawabenki. Ulionekana mapema kwa sababu ulikuwa karibu na watu.

Kuko pia kipimo. Batri isiyozidi wati-saa 100 inakubaliwa bila kuomba. Kati ya 100 na 160 inahitaji ruhusa ya kampuni ya ndege, na kwa kawaida ni mbili tu. Kupita 160, inabaki. Pawabenki nyingi zinaandikwa mAh, si wati-saa, lakini hesabu ni nyepesi: zidisha mAh kwa volti 3.7, kisha gawa kwa 1000. Ya 20 000 inatoa 74, inapita. Ya 30 000 inatoa 111, inahitaji ruhusa. Zile za sokoni zilizoandikwa 50 000, ambazo kila mtu anajua hazina hata nusu, zinamponza mwenyewe: askari wa uwanja anasoma maandishi, hapimi ukweli. Na kama maandishi yamefutika, anaweza kuikataa vilevile. Kampuni nyingine zimekaza zaidi. Tangu tarehe 1 Oktoba 2025, Emirates, inayobeba Waafrika wengi kupitia Dubai, inaruhusu pawabenki moja tu kwa mtu, chini ya wati-saa 100, na ni marufuku kuitumia ndani ya ndege.

Ndege za kutoka Kigoma ni ndogo. Ikitokea mfuko wa mkononi unachukuliwa mlangoni kwa kukosa nafasi, pawabenki inatolewa kwanza na kubaki na mwenyewe. Watu wengi wanasahau hapo.

Mbona basi askari wanachokora hata poste ya mzee? Jibu liko kwenye historia. Tarehe 21 Desemba 1988, bomu lililofichwa ndani ya redio ya kaseti liliangusha ndege ya Pan Am juu ya Lockerbie, Scotland. Watu 270 walikufa. Na karibu zaidi, tarehe 2 Februari 2016, kompyuta yenye bomu ililipuka ndani ya ndege ya Daallo iliyotoka Mogadishu. Ubavu wa ndege ulitoboka, lakini ndege haikuwa imepanda juu sana. Ilirudi ikatua, na aliyekufa ni mbebaji mwenyewe.

Kwenye skrini ya mashine, chuma kinaonekana rangi ya buluu, na vitu vya asili kama chakula rangi ya machungwa. Vilipuzi vingi navyo vinatoka na rangi ya machungwa. Kifurushi kikubwa cha ndakala kilichozungushiwa chaja na nyaya ni picha ambayo hakuna askari atakayeiacha ipite hivi-hivi. Ndakala ziwekwe upande wao, nyaya zikunjwe, ordinatere itolewe ikiombwa.

Simu nayo iwe na moto. Tangu 2014 Marekani ilitangaza kwamba chombo kisichowaka kinaweza kuzuiwa kwenye ndege zinazokwenda kule. Kwa familia za Fizi zilizoishi Nyarugusu na kupelekwa nchi za mbali, simu moja mara nyingi njo inabeba picha za marehemu, namba za ndugu na anwani ya atakayewapokea. Namba hizo ziandikwe pia kwenye karatasi, na simu ichajiwe kabla ya kutoka kwa pawabenki ambayo labda haitafika.

Vingine ni vyepesi. Televisheni inakwenda na mizigo, kwenye karton yake. Blenda inakwenda chini kwa sababu ya visu vyake. Plake ya sola bila batri haina shida, isipokuwa kioo. Batri ya gari, ile ya asidi, hata isijaribiwe. Mabuye ya poste yanapita.

Kitu kikikataliwa, msafiri aulize kwa upole kama anaweza kurudi kumpa ndugu aliyemsindikiza. Kwa hiyo yule ndugu asikimbilie kwenda: angoje nje mpaka apigiwe simu kwamba mashine imeshapitwa.