Lishe ya Watoto Wenye Ulemavu wa Akili

Lishe ya watoto wenye ulemavu wa akili ni eneo la afya linalohusu chakula wanachopewa, namna wanavyolishwa na jinsi miili yao inavyokitumia. Mjadala wake kwa kawaida huanzia jikoni: kuna nini, na kinatosha? Ushahidi unatuelekeza kwingine. Ripoti ya UNICEF ya mwaka 2021 ilikadiria kuwa watoto wenye ulemavu wa aina zote ni karibu milioni 240 duniani, na kwamba uwezekano wao wa kudumaa unazidi wa wenzao kwa asilimia 34, na wa kukonda kwa asilimia 25. Ni rahisi kuutaja umaskini na kuishia hapo. Lakini utafiti wa Turkana, Kenya, uliochapishwa mwaka 2015, uliwalinganisha watoto wenye ulemavu na watoto wa majirani na hata wa familia zao wenyewe, ukakuta kuwa wenye ulemavu wana utapiamlo zaidi na matatizo mengi zaidi ya kula. Watoto wawili wakipakuliwa kutoka sufuria moja na mmoja akakonda, uhaba peke yake hautoshi kueleza.

Sababu nyingine zinajulikana. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo, hali ambayo mara nyingi huandamana na ulemavu wa akili, huenda asiweze kufumba midomo, kuusogeza ulimi au kumeza kwa wakati. Chakula kingine humwagika kidevuni. Kingine humpalia, na kikiteleza hadi mapafuni huleta nimonia. Wenye sindromu ya Down huwa na misuli legevu, na karibu nusu yao huzaliwa na kasoro ya moyo, hivyo mtoto mchanga huweza kuchoka kunyonya kabla hajashiba. Kuna pia jino linalouma, choo kigumu, dawa za kifafa kama fenobabitoni zinazopunguza vitamini D mwilini, na mtoto asiyeweza kusema kuwa ana njaa. Kumwongezea unga bila kurekebisha ulishaji ni kumpa asichoweza kumeza. Hata chakula dawa cha karanga, kinachotibu utapiamlo mkali, ni kizito na hunata. Humfaa mtoto anayemeza vizuri.

Marekebisho yenyewe hayahitaji mashine. Mtoto aketishwe wima, mgongo na miguu vikiegemezwa, kichwa kikiinama mbele kidogo. Kumlisha akiwa amelala chali, kama wengi wafanyavyo kwa huruma, ni hatari. Kijiko kiwe kidogo, na cha pili kisubiri cha kwanza kimezwe. Maji na chai hukimbia haraka kuliko koo lake linavyoweza kujifunga, ilhali uji mzito, parachichi au ndizi zilizopondwa hushuka taratibu. Na kwa kuwa atakula vijiko vichache, kila kimoja kirutubishwe kwa mafuta, maziwa, karanga zilizosagwa laini au unga wa dagaa. Nchini Bangladesh, mafunzo ya gharama nafuu kwa walezi, yaliyotathminiwa katika utafiti wa mwaka 2012, yalifuatiwa na nafuu ya kifua na watoto kushirikiana zaidi wakati wa kula. Wapo wasiosaidika hivyo, ambao kila tonge kwao ni hatari. Hao huhitaji mpira wa kulishia tumboni.

Wengine husema wembamba ni maumbile ya ulemavu wenyewe. Ni kweli kwamba watoto wenye sindromu ya Down huwa wafupi kuliko wenzao, na Marekani ilipata chati mpya za ukuaji wao mwaka 2015. Ila ufupi si ukondefu. Dhana hiyo hudumu kwa sababu watoto hawa hawapimwi ipasavyo: miguu iliyokakamaa hainyooki kwenye ubao wa kupimia urefu, ingawa inawezekana kupima kuanzia goti hadi kisigino, au mzunguko wa mkono kwa utepe. Kisha kliniki humwacha mtoto akitimiza miaka 5, wakati mwenye ulemavu huenda bado analishwa kwa mkono akiwa na 10. Unene nao husahaulika. Mwenye sindromu ya Prader-Willi, iliyoelezwa mwaka 1956, hashibi kamwe, na lishe yake hutegemea kabati lililofungwa na saa za kula zisizobadilika.

Pingamizi zito zaidi dhidi ya ulishaji wa taratibu ni la muda. Mlo mmoja unaweza kuchukua karibu saa nzima, na mama anayelisha ana pia kibarua, maji ya kuchota na watoto wengine. Kumwambia asubiri kila kijiko bila kumpunguzia mzigo ni kumtwisha lawama. Kwa hiyo mafunzo yawafikie pia baba, bibi, dada mkubwa na mhudumu wa afya wa jamii, na shule zenye vitengo vya elimu maalumu ziuhesabu mlo wa mchana kuwa sehemu ya ratiba, akiwepo mtu aliyefundishwa kulisha.