Unga wa Kuotea Meno

Mama akiona mtoto wake mchanga amekaa siku mbili bila kwenda choo, moyo wake hautulii. Huuliza jirani, naye jirani hakosi dawa ya kumpa. Basi nataka kuwasimulia habari za dawa moja iliyosifiwa miaka mingi, ili tujue ya kuwa si kila kiendeshacho tumbo kina heri.

Matabibu wa zamani wa Ulaya waliamini ya kuwa uchafu ukikaa tumboni huleta homa na maradhi mengi. Kwa hiyo mtoto akiota meno, akilia na kukosa choo, walisema ni lazima tumbo lake lisafishwe. Katika karne ya 19 wauza dawa wa Uingereza waliuza unga katika vikaratasi vidogo, ukiitwa unga wa kuotea meno. Ndani yake mlikuwa na kalomeli, dawa iliyofanyizwa kwa zebaki. Kalomeli haina ladha, basi mtoto aliimeza bila taabu, na tumbo likaendesha. Akina mama wakafurahi, na sifa za unga huo zikafika hata Australia.

Baadaye kulionekana ugonjwa ambao asili yake haikujulikana. Mwaka 1914 tabibu Swift wa Adelaide, Australia, aliueleza mbele ya wenzake. Mikono na miguu ya mtoto ilikuwa myekundu tena ya baridi, ngozi ikabambuka. Alitoka jasho, alichukia mwanga, hakula wala hakucheza, akalia mchana na usiku. Wengine walikufa. Matabibu wengine walidhani ni vijidudu, wengine walisema ni upungufu wa chakula. Ule unga haukushukiwa sana, kwa maana watoto wengi walipewa, na wachache tu ndio waliougua.

Hata mwaka 1945, katika mji wa Cincinnati, Marekani, tabibu Josef Warkany na mwenzake Donald Hubbard walipima mkojo wa mtoto mwenye ugonjwa huo, wakaona zebaki nyingi. Wakawapima wengine, na mwaka 1948 wakaitangaza habari hiyo. Mwaka 1954 watengenezaji wa Uingereza waliacha kutia kalomeli katika unga wao, na baada ya miaka michache ugonjwa ule ukawa adimu kabisa.

Tazameni, watoto wale hawakuumizwa na adui. Mkono uliowalisha ndio uliowapa unga, tena kwa mapenzi.

Basi sisi tufanyeje? Kwanza tujue kama mtoto amefunga choo kweli. Mtoto aliyepita majuma ya kwanza, anyonyaye maziwa ya mama tu, huweza kukaa siku kadhaa bila choo. Kikija laini, naye ananyonya vema, si mgonjwa. Aliyefunga choo ni yule ambaye choo chake ni kikavu na kigumu kama mavi ya mbuzi, naye hulia akijikamua. Mtoto aliyekwisha kuumia hivyo huogopa, hujizuia, na choo huzidi kuwa kigumu. Kumpiga au kumwaibisha ni kumzidishia hofu.

Aliyepita miezi 6 apewe maji safi, papai, machungwa, mboga na maharagwe yaliyopondwa. Mkubwa kidogo aketishwe chooni baada ya kula, pasipo kuharakishwa. Aliye chini ya miezi 6 aendelee kunyonya, asipewe dawa za kienyeji wala za dukani. Haluli ya watu wazima asipewe mtoto kamwe. Hospitali zina dawa za kulainisha choo, nazo hupimwa kwa umri na uzito wa mtoto.

Lakini akitapika matapishi ya kijani, tumbo likivimba, choo kikiwa na damu, au aliyezaliwa akipitisha siku mbili bila choo chake cha kwanza, apelekwe hospitali siku ile ile.

Unga ule ulisifiwa kwa sababu uliendesha tumbo upesi. Upesi wa dawa si ushahidi wa wema wake. Kabla ya kumpa mtoto, tuulize: ndani yake mna nini?